Kikaango Kilichosingiziwa

Ukiuliza New Orleans au Houston ni nani aliyetaka kummaliza samaki mwekundu wa Ghuba ya Meksiko, wengi watakutajia jina la mpishi. Paul Prudhomme, mzaliwa wa Opelousas, Louisiana, kitinda mimba katika familia ya watoto 13, alifungua mgahawa wake wa K-Paul's mwaka 1979 katika Mtaa wa Wafaransa mjini New Orleans. Muda mfupi baadaye akaanza kumpika samaki huyo kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Kikaango kizito cha chuma kinaachwa motoni hadi kinakaribia kuwa cheupe kwa joto. Mnofu unachovywa kwenye siagi iliyoyeyuka, unapakwa pilipili na viungo vya unga pande zote, kisha unatupwa humo. Jiko linajaa moshi, wapishi wanakohoa, viungo vinaungua na kuwa ganda jeusi, na chini ya ganda hilo nyama inabaki laini na yenye maji yake. Watu walipanga foleni barabarani. Migahawa ya miji mingine ikaiga, bei ya samaki ikapanda, meli zikaingia baharini na nyavu za kuzungushia kundi zima kwa mara moja. Kisha, hadithi inaendelea, wakatokea wavuvi wa burudani, watu wa fimbo na ndoano, wakasimama kati na kumwokoa samaki. Ni hadithi tamu, na ndiyo maana imedumu: ina mkosaji mcheshi na mnene ambaye hakuna anayemchukia, na ina mwokozi anayejisimulia mwenyewe. Kasoro yake ni kalenda.

Sheria ya Texas iliyomwondoa samaki mwekundu sokoni ilipitishwa mwaka 1981, wakati sahani ya Prudhomme ilikuwa bado habari ya mji mmoja wa jimbo jirani. Chama cha wavuvi wa burudani kilichoipigania sheria hiyo kiliundwa Houston mwaka 1977, miaka miwili kabla ya K-Paul's kufungua mlango. Kikaango hakiwezi kushtakiwa kwa vita vilivyoanza kabla hakijawekwa motoni. Ninachodai katika makala haya ni kwamba ugomvi wa samaki mwekundu ulikuwa tangu mwanzo ugomvi wa maji ya kina kifupi: nani ana haki ya kuingia humo, na kwa kazi gani. Uhaba wa samaki ulikuwa wa kweli, sikatai, na kikaango kilikuja kutia petroli. Lakini walioandika hadithi ndio walioshinda kesi, na hadithi ya mpishi iliwafaa kwa sababu inaficha kwamba kesi ilikuwapo.

Tumtazame kwanza samaki mwenyewe, maana ugomvi wote umo katika maisha yake. Wataalamu humwita Sciaenops ocellatus. Kwa Kiingereza jina lake rasmi lina neno la ngoma, kwa sababu dume wakati wa kuzaana hutetemesha misuli iliyo kando ya kibofu chake cha hewa na kutoa mvumo mzito unaosikika majini. Wafaransa wa Louisiana walimwita poisson rouge, ingawa wekundu wake hasa ni wa shaba: mgongo wa rangi ya sufuria kuukuu, tumbo jeupe, na kwenye shina la mkia doa jeusi la mviringo, pengine mawili, pengine zaidi. Doa hilo hufanana na jicho, na hudhaniwa kwamba humpumbaza adui aushambulie mkia akidhani ni kichwa. Chakula chake ni kaa, kamba na samaki wadogo. Akiwatafuta, huinamisha kichwa kwenye matope, na kama maji ni ya kina cha goti, mkia hutokeza juu na kupepea polepole. Ndiyo ishara anayoingoja mtu aliyesimama juu ya mashua bapa, pondo mkononi, asiyethubutu hata kugonga ubao kwa kisigino: mkia wa shaba ukimeta katika maji ambayo kwetu mtu angeyavuka bila kukunja suruali mara ya pili. Lakini mikia hiyo ni ya vijana. Wakubwa hutaga mwishoni mwa kiangazi na katika vuli, karibu na milango ya bahari. Maji kujaa huwasukuma vichanga ndani ya ghuba ndogo, kwenye vinamasi na majani ya bahari, nao hukulia humo miaka mitatu au minne. Kisha hutoka kwenda kujiunga na makundi ya wazazi wao baharini, ambako huweza kuishi miaka 40 na kuzidi. Anayeshikilia rekodi ya dunia, aliyevuliwa Avon, North Carolina, mwaka 1984, alikuwa na uzito wa karibu kilo 43. Kwa hiyo anayevua ndani, awe na wavu au na ndoano, huvua watoto ambao wengi wao hawajazaa hata mara moja, na anayevua nje huvua wazazi. Jambo hilo dogo la elimu ya viumbe ndilo litakaloamua hoja huko mbele.

Watu wamekuwa wakila samaki hawa muda mrefu sana. Mhispania Álvar Núñez Cabeza de Vaca, aliyetupwa na bahari kwenye pwani ya Texas mwaka 1528 na baadaye kuandika aliyoyapitia, aliwakuta wenyeji wakivua kwa mitego ya matete iliyosimikwa majini. Msomaji wa Mafia au Lamu angeitambua bila kuelezwa. Ni jamaa ya uzio na wando. Wakarankawa, walioishi kando ya ghuba hizo hadi karne ya 19, walivua pia kwa pinde na mishale, jambo linalowezekana tu pale samaki anapokuja kwenye maji ambamo huonekana. Ushahidi wa majalala yao ni mzuri kuliko wa maandishi. Samaki ana vijiwe ndani ya sikio vinavyokua kwa pete kama shina la mti, na pete ya mwisho huonyesha msimu aliouawa. Wanaakiolojia, Robert Ricklis akiwa miongoni mwao, walivisoma vijiwe vilivyookotwa kwenye marundo ya makombe ya kale katika pwani ya Texas, vya samaki mwekundu, vya binamu yake mweusi na vya wengineo, na wakaona kwamba uvuvi mkubwa ulifanyika kuanzia vuli hadi mwanzo wa majira ya kuchipua. Baada ya hapo watu walihamia bara kuwinda. Sitaki kuwafanya wenyeji hao malaika wa hifadhi. Walikuwa wachache na zana zao zilikuwa na mipaka. Ila wanatuonyesha kwamba maji hayo ya kina kifupi yalikuwa ghala la chakula karne nyingi kabla hayajawa uwanja wa michezo.

Ghala hilo lilifunguliwa kwa soko pale barafu na reli zilipofika. Upande wa kusini mwa Texas kuna Laguna Madre, maji marefu yaliyofungiwa kati ya bara na kisiwa cha mchanga cha Padre, yenye chumvi kali kuliko bahari yenyewe na kina ambacho mahali pengi hakimfiki mtu mzima kiunoni. Ni mahali pakavu, pa joto na upepo, ambapo hakuna mto mkubwa unaoingia, na bado pamekuwa chimbuko kubwa la samaki wa jimbo hilo. Wavuvi wake, wengi wakiwa na asili ya Meksiko, walitumia mashua za tanga zenye tumbo bapa zilizoweza kupita palipo na maji haba, pamoja na nyavu za kukokota na dhulumati. Reli ilifika Brownsville mwaka 1904, na samaki aliyevuliwa alfajiri akaweza kuondoka ndani ya barafu kwenda miji ya mbali. Mwaka 1949 mfereji wa vyombo vya pwani ulikamilishwa hadi Brownsville, ukaikata Laguna Madre kwa urefu wake wote, na maji yaliyokuwa yakituama na kuua samaki kwa chumvi yakapata njia ya kuzunguka. Mfereji huo ulichimbwa kwa ajili ya majahazi ya mizigo, lakini uliwanufaisha samaki na wavuvi. Dhulumati ilikuwa kazi ya mikono isiyo na fahari yoyote: kamba ndefu iliyofungwa kati ya miti miwili, ndoano zikining'inia kwa nafasi, chambo kikibadilishwa ndoano moja baada ya nyingine, mtu akiwa majini au ameegemea ubavu wa mashua, jua likimchoma shingo. Hakuna aliyetajirika kwayo. Nasisitiza hilo kwa sababu katika hadithi ya washindi mvuvi wa biashara huonekana kama kampuni yenye tamaa, wakati ndani ya ghuba alikuwa zaidi mtu na mashua yake na jamaa mmoja wa kumsaidia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili akaja mpinzani. Houston ilikuwa na watu chini ya 400,000 mwaka 1940. Kufikia 1970 walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Faibaglasi ilishusha bei ya mashua, injini ya kubandika nyuma ikamfikisha karani wa benki kwenye vinamasi katika muda wa saa moja, na barabara kuu zikamleta pwani kila Jumamosi mtu ambaye babu yake alilima pamba bara. Samaki mwekundu alimfaa mno: mkubwa, mwenye nguvu, anayepatikana bila kwenda bahari kuu, na mtamu. Sasa makundi mawili yalimhitaji samaki mmoja wa umri uleule katika maji yaleyale, na nyavu nyembamba za nailoni zilizoenea baada ya vita zikaongeza uwezo wa mvuvi wa biashara pia. Samaki walipungua. Mwaka 1977 bunge la Texas lilipitisha sheria ya kumhifadhi samaki mwekundu kwa leseni na viwango vya mavuno, na mwaka huohuo watu 14 walikutana katika duka la vifaa vya uvuvi mjini Houston wakaunda chama cha kuhifadhi pwani ya Ghuba, ambacho leo kina matawi katika majimbo mengi. Mwenyekiti wake wa kwanza, Walter Fondren wa tatu, alikuwa mjukuu wa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mafuta ya Humble. Mwenyekiti wa tume ya jimbo ya hifadhi na wanyamapori wakati huo, Perry Bass, naye alikuwa tajiri wa mafuta. Sisemi hivyo kuwadharau; wote wawili walimpenda samaki huyu na walitoa muda na fedha zao. Lakini ni vizuri kujua nani alikuwa na simu ya gavana na nani hakuwa nayo. Miaka minne baadaye, kwa sheria ya 1981, samaki mwekundu na trauti wa madoa wakatangazwa samaki wa burudani: ruksa kuwavua na kuwala, marufuku kuwauza.

Mtu atapinga: takwimu za biashara zilionyesha wazi kuporomoka, je, bunge lingefanya nini? Swali la haki, ila litazame vizuri. Mvuvi wa biashara huacha karatasi nyuma yake. Kuna mzani, risiti, daftari la mnunuzi, idadi ya masanduku yaliyopakiwa. Mvuvi wa burudani huenda na samaki wake nyumbani, na ushahidi wote unaishia kwenye jaa la jikoni. Ukaguzi wa kitaifa wa uvuvi wa burudani nchini Marekani ulianza mwaka 1979 tu. Texas ilikuwa imeanza wa kwake miaka michache kabla ya hapo. Kwa hiyo katika miaka ambayo lawama ilikuwa ikigawanywa, upande mmoja ulikuwa na vitabu vya hesabu vya miongo mingi na mwingine ulikuwa na kumbukumbu za bandari chache. Ukaguzi ulipoanza kutoa majibu, ulionyesha kwamba watu wa fimbo walikuwa wakichukua sehemu kubwa ya samaki hawa. Hilo halikubadili sheria. Mwenye daftari ndiye aliyeonekana, na aliyeonekana ndiye aliyetozwa. Yeyote aliyefuatilia mijadala ya juya kutoka Tanga hadi Malindi anaijua hali hiyo: zana inayovutwa ufukweni mbele ya macho ya kila mtu hupata hukumu mapema kuliko zana inayofanya kazi mbali, na mara nyingi juya hustahili hukumu, lakini mapema yake hutokana na macho yetu.

Sasa tukirudishe kikaango mahakamani, kwa kosa lililo lake kweli. Katikati ya miaka ya 1980, mapishi ya Prudhomme yalipoenea Marekani nzima, Texas ilikuwa imeshafunga soko lake la samaki wa ghuba, lakini hitaji la migahawa lilikuwa likipaa. Likaelekezwa nje, kwenye makundi ya wazazi. Hao walikuwa hawajawahi kusumbuliwa sana, kwa sababu nyama ya samaki mkubwa ina nyuzi nene na soko la zamani halikuithamini. Chini ya ganda la pilipili na siagi, tofauti haikusumbua mlaji. Ndege ndogo ziliruka juu kutafuta doa la shaba kwenye uso wa bahari, kwa sababu kundi la samaki hawa huonekana kutoka angani kama kivuli chekundu, na rubani aliielekeza meli kwa redio. Meli ilizungusha wavu, kamba ya chini ikavutwa, wavu ukafunga kama mdomo wa mfuko, na ndani yake walikuwamo samaki walioishi miaka 20 au 30. Hapa hakuna utetezi. Kumvua kijana ni kupunguza mavuno ya kesho. Kumaliza wazazi wanaoishi miaka 40 ni kuuza shamba. Mwaka 1986 Wizara ya Biashara ya Marekani ilitoa amri ya dharura, na ilipofika 1988 ilikuwa marufuku kwa mtu yeyote kumchukua samaki mwekundu katika maji ya serikali kuu ya Ghuba. Marufuku hiyo bado ipo. Tofauti na sheria ya 1981, haikuuliza mtu anavua kwa nini. Ilifunga mlango kwa wote, na kwa maoni yangu ndiyo hatua moja ya haki kabisa katika historia hii nzima. Prudhomme alikuwa sababu yake, hilo akubali kaburini. Alifariki mwaka 2015. Ila aliyehamishia kiu ya soko kwa wazazi hakuwa yeye peke yake. Ukifunga kisima cha karibu bila kupunguza kiu, watu watakwenda cha mbali.

Pingamizi zito zaidi ni la matokeo. Samaki alirudi. Texas ilipiga marufuku nyavu za kunasia mwaka 1988, ikapunguza idadi na ukubwa wa samaki anaoruhusiwa mvuvi wa burudani, na leo ghuba zake zina samaki wekundu ambao baba wa 1975 asingewaamini. Nani basi ana haki ya kunung'unika? Nakubali kwamba alirudi, na nakubali kwamba kuondoka kwa nyavu kulichangia sana. Lakini zilikuwapo sababu nyingine zilizofanya kazi kwa wakati mmoja, na anayetaka kuipa sifa zote sababu moja inabidi azitenganishe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Port Aransas walikuwa wamegundua katika miaka ya 1970 jinsi ya kumdanganya samaki kwa taa na joto la maji: misimu ya mwaka mzima hupitishwa ndani ya tangi kwa miezi michache, naye hutaga akidhani vuli imefika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jimbo likaanzisha kituo cha kutotolea Corpus Christi, kwa msaada wa chama kilekile cha wavuvi na wa kampuni ya umeme, na tangu hapo vichanga vilivyomwagwa ghubani vimefika mamia ya mamilioni. Halafu kuna baridi. Desemba 1983 wimbi la baridi kali lilishuka pwani ya Texas na kuua zaidi ya samaki milioni 14 wa aina mbalimbali ndani ya siku chache. Mwaka 1989 baridi iliua mara mbili, Februari na Desemba. Samaki wa maji ya kina kifupi hana pa kujificha baridi inapofika chini. Hesabu ya ghuba yoyote ya miaka hiyo ina ndani yake nyavu, ndoano, vichanga vya serikali na barafu, na bado simulizi inayosomwa kwenye karamu za kuchangisha fedha inataja nyavu peke yake.

Wapo pia wanaosema kwamba samaki anayevuliwa kwa burudani ana thamani kubwa zaidi kwa jimbo: mafuta ya mashua, hoteli, chambo, waongozaji, leseni. Kwa dola, ni kweli, na tofauti ni kubwa. Ila hoja hiyo ikikubaliwa yote inakuwa na mdomo mpana. Kwa mizani hiyo shamba la mihogo litapoteza kesi yoyote dhidi ya hoteli, popote duniani. Thamani ya samaki kwa mtu aliyejua kazi moja tu haihesabiki kwa kiasi cha petroli anachonunua mwenzake. Wala tusisahau mlaji asiye na mashua. Kabla ya 1981 mwanamke wa San Antonio asiyeweza kwenda pwani alimnunua samaki mwekundu wa ghuba sokoni. Baada ya mwaka huo, samaki huyo wa mali ya umma akawa wa yule mwenye gari, mashua na Jumamosi. Florida ilikwenda mbali zaidi. Mnamo Novemba 1994 wapiga kura wake, asilimia 72, waliingiza marufuku ya nyavu za kunasia ndani ya katiba ya jimbo, ikaanza kutumika Julai 1995, na vijiji vya wavuvi wa mkizi vikakosa kazi kwa kura ya watu wa mijini ambao wengi wao hawakuwahi kuona wavu ukivutwa. Huko pia samaki waliongezeka. Swali langu halikuwa kama wangeongezeka. Kiwango cha mavuno kingeweza kushushwa kwa wote, kila upande ukapata sehemu ndogo. Mississippi hadi leo huruhusu mavuno madogo ya biashara ya samaki mwekundu, na bahari yake haijakauka.

Ushahidi wa mwisho unatoka Louisiana, na ndio unaonifanya niandike. Jimbo hilo lilifunga uvuvi wa biashara wa samaki mwekundu mwaka 1988. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 30, ndani ya maji yake kumekuwa na mvuvi mmoja wa kisheria wa samaki huyu: mtu wa fimbo. Kama nyavu ndizo zilizokuwa ugonjwa, mgonjwa alipaswa kuwa amepona. Badala yake, tathmini ya jimbo iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba samaki walikuwa wakivuliwa kupita kiasi. Kipimo chake ni sehemu ya vijana wanaosalimika ghubani hadi kutoka kujiunga na wazazi. Lengo ni asilimia 30, na Louisiana ilikuwa imeshuka chini yake. Wavuvi wa burudani hunyoosha kidole kwa meli za menhadeni, samaki mdogo wa mafuta na chakula cha mifugo, ambazo nyavu zake hunasa wazazi wekundu wanaofuata kundi. Malalamiko hayo yana msingi na yamelazimisha meli hizo kusogezwa mbali na ufukwe. Hunyoosha kidole pia kwa vinamasi, na hapo msingi ni mpana zaidi: kati ya 1932 na 2016 Louisiana ilipoteza takriban kilomita za mraba 4,800 za ardhi ya pwani, kwa kingo za mto Mississippi zilizozuia matope yasisambae, kwa mifereji ya visima vya mafuta, kwa vimbunga na kwa ardhi kuzama. Kitalu cha samaki kinageuka kuwa bahari wazi. Lakini angalia kilichotokea: walipolaumiwa wao, ghafla wavuvi wa burudani wakagundua kwamba sababu ni nyingi, kwamba mazingira yana sehemu yake, kwamba si haki kumbebesha mvuvi mmoja mzigo wote. Ndivyo wavuvi wa dhulumati wa Laguna Madre walivyokuwa wakisema mwaka 1981.

Migahawa, kwa upande wake, haikusubiri. Kikaango cheusi kilihamia kwa kambare, kwa jodari, hata kwa kuku, na samaki mwekundu anayeuzwa leo kwenye sahani za Marekani kwa sehemu kubwa ametoka bwawani, kwa ujuzi uleule wa taa na joto uliozaliwa Port Aransas. Ujuzi huo umesafiri. Uchina hufuga samaki huyu kwa wingi, na katika Bahari yetu ya Hindi amefugwa kwenye vizimba vya Mauritius, Reunion na Mayotte, maelfu ya maili kutoka ghuba iliyompa jina. Mtu wa Mamoudzou aliweza kumla samaki mwekundu bila fimbo wala leseni, wakati mkazi wa Corpus Christi haruhusiwi kumnunua yule anayeogelea mbele ya nyumba yake. K-Paul's yenyewe ilifungwa mwaka 2020. Na kuanzia Juni 20, 2024, mvuvi wa Louisiana anaruhusiwa samaki wanne kwa siku badala ya watano, wenye urefu wa inchi 18 hadi 27. Anayezidi hapo hurudishwa majini akiwa hai, na mwongozaji wa mashua ya kukodi haruhusiwi kubaki na hata mmoja.